Maiki za bei nafuu za kurekodia tarumbeta, tromboni na tuba: mwongozo kamili

Udhaifu wa maiki ya bei nafuu hujitokeza zaidi mahali palipo kimya. Mrekodi mtu anayesoma hadithi kwa sauti ya chini na utasikia mvumo wa vifaa vya ndani ya maiki ukimfuata neno kwa neno. Kwa ala za shaba tatizo hilo halipo. Tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu hupita desibeli 120 karibu na mdomo wake mpana, na katika kelele ya kiasi hicho mvumo wa maiki hausikiki, wala priampu (kikuzaji cha sauti ya maiki) haihitaji kufunguliwa sana. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo anaweza kurekodi matarumbeta vizuri kwa maiki ambayo ingemwangusha kwenye gitaa la nyuzi za nailoni.

Zinabaki kasoro mbili, na hizi ndizo za kuziwinda unapochagua. Ya kwanza ni kuelemewa: maiki au kifaa kinachoifuata kushindwa kubeba sauti kubwa, sauti ikapasuka. Ya pili ni ukali wa masafa ya juu: maiki kuongeza mng'ao juu ya ala ambayo tayari inang'aa kupita kiasi. Maiki isiyo na kasoro hizi mbili itakufaa, hata kama haina jina kubwa.

Sauti ya shaba inavyosafiri

Masafa ya chini hutoka kwenye ala na kuenea pande zote. Masafa ya juu, hasa kuanzia hezi 2,000 kwenda juu, husonga mbele kwa ukanda mwembamba kufuata mdomo mpana ulikoelekea. Simama mbele kabisa ya tarumbeta, kisha sogea hatua moja pembeni: ukali unapungua, mwili wa sauti unabaki. Jambo hili lina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua, kwa sababu linakupa ikwalaiza (kirekebishi cha masafa) ya bure. Ukiigeuza maiki nyuzi 15 hadi 30 kutoka mstari wa katikati, umepunguza ukali kabla sauti haijaingia kwenye waya.

Masafa ya msingi ya ala hizi si mapana kama wengi wanavyodhani. Noti ya chini kabisa ya kawaida ya tarumbeta ya Si bemoli iko karibu na hezi 165, na ya tromboni ya tenori iko karibu na hezi 82. Tuba inashuka hadi hezi 40 na chini yake. Lakini harmoniki (sauti za juu zinazoandamana na noti ya msingi) za tarumbeta iliyopulizwa kwa nguvu hupanda hadi kupita hezi 10,000, na hapo ndipo maiki nyingi za bei nafuu huharibu kazi.

Namba za kusoma kwenye karatasi ya vipimo

Anza na kiwango cha juu cha sauti ambacho maiki inabeba, kinachoandikwa kwa desibeli SPL. Kwa maiki za kondensa (zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi) tafuta 135 au zaidi ukitaka kurekodi kwa karibu. Angalia pia kiwango hicho kimepimwa kwa upotoshaji wa asilimia ngapi: wengine hutumia asilimia 0.5, wengine asilimia 1, na maiki ileile itaonekana bora zaidi kwa kipimo cha pili. Maiki nyingi za dainamiki (zinazotumia koili na sumaku, bila umeme) hazitaji namba hii kabisa. Hilo lisikutishe, koili na sumaku yake havina saketi ya kuelemewa, na ala ya muziki haivifikishi ukomo kirahisi.

Namba ya pili ni usikivu, yaani maiki inatoa milivolti ngapi kwa shinikizo la paskali 1, ambalo ni sawa na desibeli 94. Hapa wanunuzi wengi hupenda namba kubwa. Kwa shaba, ipende ndogo. Shure SM57 hutoa takriban milivolti 1.6, na Audio-Technica AT2020 hutoa takriban 14. Sasa fikiria desibeli 124 mbele ya tarumbeta, ambazo ni kama paskali 32. SM57 itatoa takriban milivolti 50, kiasi ambacho priampu yoyote hukipokea bila shida. AT2020 itatoa karibu milivolti 450, na vilele vya ghafla vitapita hapo. Maiki yenyewe inastahimili, kwani imepimwa kubeba desibeli 144, lakini pembejeo ya kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya daraja la chini inaweza kujaa hata geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, ikiwa imefungwa kabisa.

Cha tatu ni mchoro wa mwitikio wa masafa, ambao ni muhimu kuliko sentensi ya «20 Hz hadi 20 kHz» iliyoandikwa kwenye boksi. Tazama eneo la kati ya hezi 5,000 na 12,000. Mstari ukipanda hapo kwa desibeli 4 au zaidi, tarumbeta itakuchoma masikio. Kondensa nyingi za bei nafuu zenye kiwambo (utando unaotikiswa na sauti) kikubwa hupanda hivyo kwa sababu inayojulikana: kapsuli zao, yaani sehemu inayobeba kiwambo, zimeiga muundo wa K67 wa Neumann, ambao kwa asili hunyanyua masafa ya juu. Maiki ya U 67 ya mwaka 1960 ilikuwa na saketi ya kuyashusha tena. Waigaji wengi walichukua kapsuli wakaiacha saketi.

Mvumo wa ndani unaweza kuuruka, isipokuwa utarekodi tarumbeta yenye kizibo (kifaa kinachowekwa kwenye mdomo mpana kupunguza sauti) au utaweka maiki mita kadhaa mbali.

Aina za maiki, kwa mpangilio wa kununua

Nunua kwanza maiki ya dainamiki ya ala. SM57, iliyotoka mwaka 1965, ndiyo kipimo cha wengine wote, na Audix i5 ni mshindani wake wa kweli. Sennheiser e 609 na e 906 zimetengenezwa kwa ajili ya spika za gitaa, lakini hukaa vizuri sana kwenye tromboni. Kiwambo cha dainamiki hubeba koili, kwa hiyo ni kizito na hakikimbilii kila ncha ya sauti. Kwenye matoazi hiyo ni hasara. Kwenye shaba ni faida, kwa kuwa mwanzo wa noti unalainika kidogo na ukali wa juu kabisa unafifia. SM57 ina kilele karibu na hezi 5,000 hadi 6,000 ambacho huifanya tarumbeta ipenye kwenye mchanganyiko wenye ngoma na gitaa. Tarumbeta ikiwa peke yake kilele hicho huchosha, na dawa yake ni ule mgeuko wa nyuzi 30.

Usinunue maiki ya ngoma kubwa kwa ajili ya tuba, ushauri ambao husikika mara nyingi. Nyingi kati ya hizo zimechongwa: masafa ya chini yamenyanyuliwa, ya kati yamechimbwa, na juu kuna kilele cha kusikika kwa kipigo. Sauti ya tuba inayotambulika kama tuba inakaa hasa kwenye harmoniki za kati ya hezi 100 na 500, na sehemu ya eneo hilo ndiyo iliyochimbwa.

Ya pili ni maiki ya utepe, na hapa tukae kidogo. Ndani yake kuna utepe mwembamba sana wa alumini unaoning'inia kati ya sumaku mbili. Masafa ya juu hushuka taratibu bila kilele, na matokeo kwenye tarumbeta na tromboni ni sauti nene, ya dhahabu, isiyohitaji kuguswa sana. Studio za miaka ya 1930 na 1940 zilirekodi bendi kubwa za jazi kwa maiki za RCA 44 na 77 za aina hii. Zamani bei ya utepe ilikuwa ya studio kubwa pekee. Leo kuna MXL R144, Golden Age Project R1 na sE Electronics X1 R, ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia. Kasoro ya kawaida ya utepe wa bei nafuu ni giza la juu kupita kiasi na sauti hafifu. Giza unaliondoa kwa kunyanyua desibeli 2 hadi 4 kuanzia hezi 6,000, na maiki za utepe huvumilia kunyanyuliwa huko vizuri. Uhafifu hauna uzito hapa, kwa sababu ala yenyewe ina nguvu. Kiongeza geini kinachochomekwa katikati ya kebo hukihitaji, ila kwa noti za vizibo.

Utepe una masharti yake. Kwanza, husikia mbele na nyuma kwa usawa, umbo la nane, hivyo ukuta ulio nyuma ya maiki utarekodiwa pia. Tundika blanketi zito nyuma yake, au uache angalau mita 2. Pili, pande zake, kwenye nyuzi 90, hazisikii karibu chochote. Itumie sifa hiyo kumfuta mpulizaji aliyekaa jirani. Tatu, utepe huvutika ukipigwa na upepo. Usiupulizie kuujaribu, usiukaribishe chini ya sentimita 30 kwa tromboni na tuba, uinamishe kidogo usikabiliane na mdomo mpana moja kwa moja, na uuhifadhi ukiwa wima. Nne, umeme wa fantomu wa volti 48, ule unaotumwa kwenye maiki kupitia kebo yake. Kwa kebo nzima ya XLR (ya maiki, yenye pini tatu) utepe usio na saketi kwa kawaida haudhuriki, ila kebo yenye waya uliogusana au paneli ya jeki (ubao wa kuunganishia kebo) inaweza kuukata kwa sekunde moja. Zima fantomu kabla ya kuchomeka. Utepe wenye saketi ya ndani, kwa upande mwingine, haufanyi kazi bila umeme huo, kwa hiyo soma kijitabu chake.

Kondensa ni ya tatu. Ukiichukua, chagua yenye swichi ya kupunguza desibeli 10 au 20 kwenye mwili wake. AT2035 ni mfano mzuri: inabeba desibeli 148 swichi ikiwa imezimwa, 158 ikiwa imewashwa, na ina pia swichi ya kukata chini ya hezi 80. Kondensa zenye kiwambo kidogo, zile nyembamba kama kalamu, mara nyingi ni sahihi zaidi kwenye mchoro wa masafa na hufaa kunasa kundi zima kwa mbali. Kwa tarumbeta moja kwa karibu, hapana.

Maiki ndogo za kubana kwenye ala ni za jukwaani. Zinalinda umbali usibadilike, lakini hunasa milio ya vali na mkono wa tromboni, na sauti yake ni kali. Maiki za USB ziache kwa mazungumzo. Kigeuzi cha kidijitali kimo ndani yake, hakuna mahali pa kuweka kipunguzi, na uwezo wake ni mdogo: Blue Yeti, kwa mfano, imetajwa kubeba desibeli 120.

Sauti inapopasuka: tafuta ni wapi

Kuna sehemu tatu ambako mkwaruzo unaweza kuanzia, na kila moja ina dawa yake. Wengi huteremsha geini, hali haibadiliki, wakailaumu ala.

Taa nyekundu ikiwaka kwenye kadi ya sauti au kwenye programu, priampu au kigeuzi kimejaa. Teremsha geini. Ikiwa imefika mwisho na taa bado inawaka, weka kipunguzi cha desibeli 20 kati ya kebo na kadi, au tumia swichi ya kupunguza ya kadi yenyewe. Hakikisha kipunguzi kinapitisha fantomu kama maiki inaihitaji.

Taa isipowaka lakini sauti ikakwaruza, maiki yenyewe imeelemewa. Kipunguzi cha nje hakisaidii hapa, kwa kuwa uharibifu umeshafanyika kabla sauti haijafika huko. Washa swichi iliyo kwenye mwili wa maiki, au ongeza umbali: kila ukiuzidisha mara mbili, desibeli 6 zinaondoka. Kabla ya hapo hakikisha fantomu ina nguvu kamili, maana kadi ndogo zinazotegemea umeme wa kompyuta wakati mwingine hutoa volti pungufu, na kondensa yenye njaa huelemewa mapema.

Ikiwa mkwaruzo unasikika hata ukiwa chumbani bila vipokea sauti, basi ni ala au chumba. Vali iliyolegea na kitu kinachotetemeka ukutani ndio huwa chanzo.

Kuweka maiki, ala kwa ala

Tarumbeta: umbali wa sentimita 40 hadi 60, kimo sawa na mdomo mpana au juu yake kidogo, imegeuzwa nyuzi 15 hadi 30. Usiingie chini ya sentimita 20. Mpulizaji huyumba, na kuyumba kwa sentimita 10 kutoka umbali wa sentimita 10 hubadilisha sauti kwa desibeli 6. Kuyumba kulekule kutoka sentimita 50 ni desibeli 1.6 tu. Kata chini ya hezi 100, hakuna kitu chako kule.

Stendi ya noti ndiyo adui anayesahaulika. Bamba lake la chuma huakisi sauti na kuirudisha kwenye maiki ikiwa imechelewa. Njia ya mwakisiko ikiwa ndefu kwa mita 1 kuliko njia ya moja kwa moja, shimo la kwanza hutokea karibu na hezi 170, na mengine hufuatana juu yake. Utasikia sauti ya bomba. Ishushe stendi chini ya mstari wa mdomo mpana, ilaze kadiri noti zitakavyosomeka, na uifunike kwa kitambaa kizito.

Tromboni: sentimita 40 hadi 70. Mdomo mpana uko kushoto kwa mpulizaji na mkono wa kutelezesha uko kulia kwa mdomo huo, kwa hiyo leta stendi ya maiki kutoka kushoto kwake. Ukiileta kutoka kulia, mkono utaigonga kwenye nafasi ya sita na ya saba. Dainamiki au utepe, kata chini ya hezi 50 au 60.

Tuba hutazama juu. Weka maiki sentimita 60 hadi mita 1 juu ya mdomo mpana, ikitazama chini, imesogezwa pembeni kiasi cha kiganja. Maiki ya kadioidi inafaa sana hapa kwa sababu mgongo wake usiosikia unatazama dari, ambako ndiko mwakisiko unatoka. Utepe ungeisikia dari yote. Stendi lazima iwe nzito, yenye mfuko wa mchanga miguuni. Maiki ikianguka ndani ya tuba huharibu vyote viwili. Kwa kweli, katika bajeti nzima ya tuba, stendi imara inastahili pesa mapema kuliko maiki ya pili.

Honi ya Kifaransa inatazama nyuma, na mkono wa mpulizaji umo ndani ya mdomo wake. Ukiweka maiki nyuma kwa karibu, utapata sauti mbichi yenye mikwaruzo ambayo wasikilizaji hawaizoei. Weka ubao mgumu au kipande cha plaiwudi kama mita 1 nyuma ya mpulizaji, kisha maiki iwe mbele au pembeni, mita 1.5 hadi 2, juu ya kichwa chake. Hapa ndipo kondensa yenye kiwambo kidogo inapolipa.

Vizibo hubadilisha hesabu yote. Kizibo cha Harmon hupunguza sauti sana na kubakiza ncha za juu, kwa hiyo ikaribie sentimita 10 hadi 15 na upandishe geini. Wimbo ukiwa na sehemu zenye kizibo na zisizo nacho, zirekodi kwa mizunguko miwili tofauti.

Kuijaribu maiki kabla hujairidhia

1. Weka kadi kwenye biti 24 na hezi 48,000.
2. Mwombe mpulizaji apige kifungu chake chenye nguvu kuliko vyote, cha kazi halisi. Rekebisha geini hadi vilele vifike karibu na desibeli −12 kwenye mita ya programu, kisha shusha desibeli 3 hadi 6 zaidi. Bendi ikianza, kila mpulizaji hupuliza kwa nguvu kuliko alipojaribu peke yake.
3. Rekodi kifungu kimoja chenye noti ndefu ya chini, noti ndefu ya juu, noti fupi kali, na mlio wa taratibu kabisa.
4. Rudia kifungu hicho maiki ikiwa mbele kabisa, nyuzi 30 pembeni, na mita 1 mbali.
5. Sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote kabla ya kulinganisha. Rekodi yenye sauti kubwa zaidi daima hudanganya sikio.
6. Sikiliza noti ya juu kwanza. Maiki ikikuchoma hata kwa nyuzi 30, irudishe. Hakuna ikwalaiza itakayoirekebisha kwa wimbo mzima.

Usihukumu kwa solo tu. Chomeka rekodi ndani ya wimbo wenye ngoma na besi, kwa sababu sauti tamu ya peke yake mara nyingi hupotea humo, na ile yenye ukakasi kidogo husimama.

Ukinunua iliyotumika

SM57 ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa sana. Halisi ina uzito wa gramu 284 hivi, kwa sababu ndani kuna transfoma. Bandia nyingi ni nyepesi. Nenda na mizani ndogo ya jikoni. Kofia ya plastiki iliyo mbele yake hulegea na kuvunjika, jambo lisilo zito, ila huteremsha bei. Kwa kondensa, iwashe dakika 10 kisha usikilize kimya: miluzi au milipuko midogo ya ghafla ni dalili ya unyevu kwenye kapsuli au saketi. Kwa utepe, linganisha mbele na nyuma ukiongea kwa umbali uleule. Tofauti ndogo ya rangi ni ya kawaida, lakini upande mmoja ukiwa dhaifu mno, au masafa ya chini yakiwa yametepeta, utepe umevutika, na kuubadilisha kunaweza kugharimu karibu sawa na maiki nzima.

Wapulizaji watatu au zaidi

Kwa kundi, maiki moja nzuri yenye wapulizaji waliopangwa nusu duara hushinda maiki nne mbovu. Anza kwa umbali wa mita 1.5 hadi 2. Mpulizaji anayezidi wenzake mrudishe nyuma hatua moja. Usimwombe apulize taratibu, kwani rangi ya sauti yake itabadilika.

Ukilazimika kumpa kila mmoja maiki yake, umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na ala yake: sentimita 50 kutoka kwenye ala, mita 1.5 kati yao. Chini ya hapo sauti ya jirani huingia ikiwa na nguvu ya kutosha kuchimba mashimo kwenye masafa, na matarumbeta matatu yanasikika membamba kuliko moja. Baada ya kurekodi, washa kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi juu chini) cha kila njia, mmoja baada ya mwingine, huku ukisikiliza hezi 150 hadi 400, na ubakize upande unaotoa sauti nene zaidi.